Jozi Tatu za Viatu kwa Mkono Mmoja

Vijana wangu, mnaniita Mzee Kiwiko kwa heshima, nami huitika kana kwamba nastahili. Leo nawaambia jambo ambalo watu wazima wa mtaa wetu wa Yoba wanalijua na wananisitiri. Mke wangu aliumwa mkono miezi minne mfululizo ndani ya nyumba ya mtu aliyesifiwa Gitega nzima kwa kutengeneza mikanda ya mikono inayouma. Nyumba hiyo ni yangu na mtu huyo ni mimi. Mkono ule haukupata mkanda. Ulipata viatu, jozi tatu, na jozi ya tatu ndiyo aliyoivaa siku aliyoniacha akaenda kwao Muyinga.

Kinyozi hajinyoi, wanasema wahenga, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya methali hiyo. Lakini kinyozi angalau anajua kichwa kiko wapi.

Nitafika huko. Najua wengine wenu mmekuja kujifunza kazi, hamkuja kusikiliza ndoa ya mtu, basi tuanze na mkanda wenyewe.

Mimi ni mtoto wa fundi viatu. Miaka michache baada ya uhuru niliingia kwenye karakana ya masista, upande wa Mushasha, iliyokuwa ikitengeneza magongo, viatu vya miguu iliyopinda na mikanda ya migongo. Mkuu wa mafundi alikuwa Papa Bisimwa, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyevuka mpaka na familia yake na sanduku moja la vyombo vya kazi. Jumapili alikuwa mwalimu wa dini kanisani. Siku nyingine sita ulimi wake ulikata kuliko kisu chake. Aliniuliza kama naijua ngozi, nikamjibu kwamba nimezaliwa juu ya ngozi. Kweli nilikuwa najua viatu tu, lakini nilikuwa kijana, na kijana asiyejua ana sauti kubwa kuliko mzee anayejua.

Mkanda wangu wa kwanza wa kiwiko niliufanya Papa Bisimwa akiwa amekwenda Bujumbura kutafuta ngozi. Alikuja bwana mmoja wa ofisi ya kilimo, mtu wa kucheza tenisi jioni na wakubwa wenzake. Alikuwa na mkanda wake kutoka Ulaya, lakini mbwa alikuwa ameutafuna. Alitaka mwingine kama huo. Nikamuuliza anaumwa wapi, akanionyesha mfupa ule unaojitokeza upande wa nje wa kiwiko. Nikafikiri: hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Nikashona mkanda mzuri wa ngozi ya ng'ombe, ndani nikaweka kitambaa kizito, nikatia na bukle, kile kichuma cha kufungia. Nikamfunga juu ya mfupa wenyewe, pale pale panapouma, nikavuta kwa nguvu zangu zote kama mtu anayefunga gunia la mkaa kwenye baiskeli.

Bwana yule alirudi siku ya pili. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na rangi imebadilika. Bahati mbaya Papa Bisimwa naye alikuwa amesharudi. Akautazama ule mkono, akanitazama mimi.

"We Ramazani," akasema, "huyu mubaba umemuponyesha ao umemukamata?"

Karakana nzima ilicheka, na mgonjwa mwenyewe alicheka kidogo kadiri vidole vilivyomruhusu. Baadaye Papa Bisimwa alinitoa nje, mahali ambapo mbuzi wa masista alikuwa amefungwa, akanipa somo ambalo nimelifundisha maisha yangu yote.

"Angalia. Mbuzi iko inavuta kamba, kamba iko inavuta kijiti. Kijiti inatikisika, udongo inapasuka. Huko ndiko kunauma. Sasa we unaenda kubana kijiti! Kijiti iko na kosa gani? Kanyaga kamba, we! Kanyaga kamba mbele ya kufika kwa kijiti."

Akakanyaga kamba. Mbuzi akavuta, kamba ikakaza hadi kwenye kiatu chake ikaishia hapo, na kijiti kikatulia. Mpaka leo sina maneno bora ya kueleza. Mfupa wa kiwiko ni kijiti, na mbuzi ni vidole vyako vinapokamata jembe, nyundo au mwiko. Kamba ni ile nyama ya juu ya mkono wa mbele. Mkanda haukai kwenye mfupa. Unakaa chini ya mfupa, upana wa vidole viwili, juu ya nyama ile inayosimama ukikunja ngumi na kuinua kiganja. Ukaze mtu akiwa amelegeza mkono, halafu mwambie akunje ngumi: asikie unabana, lakini kidole chako kimoja kipite chini yake. Vidole vikifa ganzi, umemfunga mwizi, hukumfunga mgonjwa. Na usiku aufungue alale kama watu.

Somo la pili la Papa Bisimwa lilikuwa fupi zaidi, na ndilo lililoniaibisha. Alikuwa hapokei neno la mgonjwa yeyote, awe mkulima au padri. Ukimwambia unaumwa mkono, anakuinulia kidevu: "Onyesha na kidole."

Nilimuuliza kwa nini anawasumbua watu wakati wameshasema. Akanijibu kwamba mukono inatokea kwa bega mpaka kwa kucha, ni safari ndefu. "Kinywa iko na uongo, Ramazani. Kidole hapana."

Nililikariri neno hilo nikalitumia kila siku. Nililitumia kwa mzee mmoja wa Makebuko ambaye kine wa hospitali, yule mtaalamu wa kunyoosha viungo, alimtuma kwetu na karatasi. Karani wetu akaisoma kwa sauti mbele ya watu: ugonjwa wa tenisi. Mzee akashtuka, akavua kofia.

"Mi sijacheza kitu," akasema. "Mi nalima. Muulize jirani wangu, hata mupira sina."

Alidhani anashtakiwa. Nikamwambia, mzee, onyesha kwa kidole. Akagusa mfupa uleule wa bwana wa tenisi. Nikamkunjisha ngumi, nikaipata kamba, nikampimia mkanda. Halafu nikamwomba aniletee jembe lake, maana kwa mkulima mkanda peke yake ni nusu ya dawa. Mpini wake ulikuwa mwembamba na laini kwa kutumika, kila pigo lilimlazimu kukamua kwa vidole. Nikauzungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli mpaka ukanenepa. Mkono usiokamua, mbuzi wake havuti kamba. Mzee akarudi kwao na mkanda, jembe nene, na habari kwamba amepatwa na ugonjwa wa wazungu. Nasikia alitembea nao sokoni wiki mbili akiwaonyesha watu. Mwezi uliofuata wakaja wanawake watatu kutoka kijiji hicho, kila mmoja akisema naye ana tenisi.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba, na hakikuwa na mkanda wa kukizuia. Waashi walikuja, washonaji wakaja, mwalimu mmoja wa Mushasha akaja ambaye mkono wake uliharibika kwa kuandika ubaoni, ingawa wanafunzi wake walikuwa na maelezo mengine kuhusu kazi ya mkono ule. Watu wakaanza kuniita Fundi Kiwiko. Nikitembea sokoni nilikuwa naangalia mikono ya watu kama mnunuzi anavyoangalia ng'ombe, naona kabisa yupi atakuja kwangu kabla ya mavuno. Nyumbani nikifika nilikuwa naangalia sahani tu.

Sasa tuingie nyumbani. Mke wangu Zuhura ni mtu wa Muyinga kwa kuzaliwa, lakini alilelewa Ujiji na bibi yake mzaa mama, akarudi akiwa msichana mkubwa. Kiswahili chake kimenyooka. Mimi nikisema "iko" yeye ananirekebisha mbele ya wageni, nami namwita Mtanzania, tunacheka. Tulidhani tunajua maneno yote yanayotutenganisha. Kazi yake ilikuwa chapati na maandazi. Alikanda unga alfajiri, na saa moja asubuhi alikuwa na meza yake sokoni, na watu walikuwa wakisubiri chapati ya Mama Sauda hata kama ya jirani imeshaiva. Alikuwa na fahari na mkono wake kuliko mimi na mikanda yangu, na alikuwa na haki zaidi.

Siku moja nimeinamia kazi mlangoni, nashona kwa uzi wa nta, akaja akasimama nyuma yangu.

"Baba Sauda, kisigino kinaniuma."

"Pole, Mama Sauda," nikasema. Sikuinua kichwa.

Lakini mimi ni mume mwema, jamani. Neno lilibaki kichwani. Nikachukua ndala yake ya zamani pale mlangoni, nikaipima (ndala ndiyo niliyoipima, siyo mguu), na kwa siku tatu nikamtengenezea viatu vya wazi vya ngozi ya ng'ombe, sehemu ya kisigino nikaiwekea kitambaa kizito mara mbili. Nikampa jioni. Akavigeuza, akavitazama, akanitazama. Akasema ahsante. Nikajisikia sultani.

Baada ya wiki chache akarudia: "Kisigino bado, Baba Sauda. Sasa hata usiku."

Nikajilaumu kwamba viatu vilikuwa vigumu. Nikatafuta sponji ya kiti cha gari bovu, nikashona jozi ya pili, laini kuliko ya kwanza. Mara ya tatu aliponiambia, sauti yake ilikuwa na machozi, na mimi nikasema leo ndipo utakapojua umeolewa na fundi. Nikachukua ngozi ya mbuzi iliyobaki kwenye kazi ya masista, kwa ruhusa, nikatengeneza jozi ambayo kisigino kinakaa ndani yake kama yai kwenye majani makavu. Niliipeleka hata karakana kumwonyesha Papa Bisimwa.

Akaibonyeza kwa dole gumba. "Kazi ni nzuri," akasema. "Bibi yako iko anaumwa kisigino? Ulimwambia akuonyeshe na kidole?"

"Papa, yule ni mke wangu," nikamjibu. "Si mgonjwa."

Alinirudishia viatu akatikisa kichwa.

Niwaambie yale niliyoyaona nikiwa na macho yangu mawili wazi, ili mnicheke vizuri. Niliona vikombe viwili vimevunjika wiki moja, nikasema mama, vyombo vimepanda bei. Niliona chapati zimekuwa nene upande mmoja, nikasema unga wa siku hizi. Niliona ndoo inabebwa kwa kushoto. Na siku moja, hii sipendi kuikumbuka, alinipa chai kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni. Nyumba ya Kiislamu, mke anampa mume chai kwa kushoto! Nikamwambia kwa ukali mdogo, "Mama Sauda, mkono gani huo?" Akakihamisha kikombe kwenda kulia. Mkono ukatetemeka, chai ikamwagika kwenye mkeka. Akaenda kuchukua kitambaa. Wageni wakaendelea na maongezi, na mimi nikaendelea nao. Naona aibu ninapowasimulia haya kuliko niliyoiona siku ile, maana siku ile sikuona aibu yoyote.

Wiki hiyohiyo aliniambia anakwenda Muyinga kwa mama yake na watoto wote wawili. Alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake.

"Nimeelewa, Baba Sauda," akasema. "Sikuhitaji uniambie mara tatu."

Sikuelewa ameelewa nini. Mnajua nilimjibu vipi? Nilimwambia: "Vaa vile vipya. Safari ni ndefu."

Wiki mbili nikala kwa majirani nikidhani mke wangu anasalimia kwao. Mwisho akaja dereva wa lori la chumvi na ujumbe wa mama mkwe, maneno machache: kama nataka mke, nije nieleze viatu. Nilipanda lori hilohilo likirudi, kupitia Karuzi, nimekaa juu ya magunia, na njia nzima nilikuwa nafikiria kwamba labda vinambana vidole.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alinipa kigoda kifupi, mahali pa mkwe, nikakaa nimeinamisha macho kama inavyotakiwa. Zuhura alikaa pembeni ya mama yake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya mapaja kama kitu alichoazima.

"Mkwe wangu," akaanza Bi Tatu, "mtoto wangu amekwambia mara tatu anaumwa. Ni kweli au si kweli?"

"Kweli, mama."

"Na mara tatu umempa viatu."

"Kweli, mama. Tena vya tatu ni ngozi ya mbuzi."

"Mwanamke analia mkono, mume anampa viatu. Akilia tena, viatu. Maana yake nini, kama si kumwonyesha njia? Kama humtaki, sema kwa mdomo. Sisi tutampokea, hata bila viatu."

Nikainua macho, adabu ya mkwe ikaruka. "Mkono? Mama, mkono gani? Yeye aliniambia kisigino!"

"Ndiyo, kisigino," akasema Zuhura.

"Kisigino iko kwa mguu!"

"Na hiki ni nini?" Akainua kiwiko chake, kile kile, mfupa wa nje, mfupa wa bwana wa tenisi, mfupa wa mzee wa Makebuko. "Bibi yangu kule Ujiji alikiita kisigino cha mkono. Nami nakiita hivyo tangu nimeota meno."

"Hicho ni kiwiko! Mi ni Fundi Kiwiko! Gitega yote inajua!"

"Kiwiko ni hapa," akasema, akashika kifundo cha mkono, pale watu wanapovaa saa. "Siku zote nilijua unatengeneza mikanda ya hapa."

"Ile mikanda mikubwa hivyo?"

"Nikadhani wagonjwa wako wana viwiko vinene."

Bi Tatu alijifunika uso kwa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikatoka, kile cha mtu mzima anayejaribu kukizuia na kushindwa. Nami nikacheka, kwa furaha ya mtu aliyeponyoka. Neno tu! Bibi wa Ujiji ndiye mwenye makosa, mimi sina. Nikamtazama mke wangu tucheke pamoja.

Zuhura hakucheka.

"Neno, sawa," akasema. "Neno nakusamehe, na bibi yangu naye namsamehe. Lakini macho je, Baba Sauda? Miezi minne nimekanda unga kwa kushoto mbele yako. Chai ilipomwagika ulikuwa umekaa hatua mbili. Unawaambia watu wa Makebuko wakuonyeshe kwa kidole. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

Niliomba kisu.

Bi Tatu akaleta cha jikoni. Nikamwomba Zuhura viatu vile vya tatu, akavivua, nami nikavikata pale pale ukumbini. Mikanda yake ya ngozi ya mbuzi nikaiunganisha iwe mmoja mpana, nikatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Kile kitako laini cha kisigino, nilichojivunia mbele ya Papa Bisimwa, nikakikunja kikawa kifuko kidogo kigumu cha kukandamiza nyama. Bukle sikuwa nayo. Nikaitoa kwenye mkanda wa suruali yangu. Basi mtafakari picha hiyo: mkwe mbele ya mama mkwe, mkono mmoja unashona, mwingine unashikilia suruali. Mwisho Bi Tatu alinihurumia akanirushia kamba ya katani huku akitazama ukutani.

Kisha nikapiga magoti mbele ya mke wangu na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikasema, "Mama Sauda, onyesha kwa kidole."

Akaonyesha. Nikagusa kidogo tu, akavuta pumzi kwa meno, na machozi ambayo hakuyatoa Gitega yakatoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapima vidole viwili chini ya mfupa, nikamkunjisha ngumi, nikaitafuta kamba, nikafunga, nikapitisha kidole changu chini ya mkanda. Nikamwambia ajaribu kitu. Kulikuwa na kikombe cha chai kwenye meza. Akakiinua kwa mkono wa kulia, polepole, akanipa. Hakikutetemeka sana.

"Nitarudi mkono ukirudi," akasema.

Hapa nisiwadanganye, maana wapo watakaofikiri mkanda ni hirizi. Mkanda unakanyaga kamba tu, na kijiti kinahitaji siku zake kushika udongo. Zuhura alipumzika kwa mama yake wiki nyingi, bila kukanda, bila kukamua nguo, akiinua vitu kiganja kikiwa kimetazama juu. Kila asubuhi alishika jiwe dogo na kushusha kiganja taratibu kama nilivyomwonyesha. Kilichomwogopesha ni meza yake ya sokoni. Mteja wa chapati ni kama paka, ukikosa siku tatu ana nyumba nyingine.

Kwa hiyo nilirudi Gitega nikakaa kwenye meza ile mimi mwenyewe. Alfajiri nakanda, asubuhi nauza, halafu nakimbilia karakana nikiwa na unga kwenye nyusi. Chapati zangu zilikuwa za mviringo kadiri ngozi ya soli inavyokuwa ya mviringo. Mwanamke mmoja Mkongomani muuza vitenge alizipindapinda akaniuliza, "Papa, hii ni ya kukula ao ya kuvaa?" Lakini walinunua, wengine kwa huruma, wengine kuja kuona kituko. Mahali pa Mama Sauda hapakupotea. Na baada ya wiki tatu za kukanda, nilijishika kiwiko pale karakana nikapiga kelele. Papa Bisimwa akanisogelea, uso wake umejaa raha isiyofaa kwa mwalimu wa dini.

"Onyesha na kidole," akasema.

Zuhura alirudi na lori la chumvi, watoto mbele, mkanda wa ngozi ya mbuzi mkononi, amevaa ndala za mama yake. Akaenda moja kwa moja jikoni, akaubonyeza unga wangu. "Baba Sauda," akasema, "toka hapa." Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi hivyo.

Sasa kazi imebadilika. Siku hizi kuna mikanda ya dukani, ya mpira unaovutika, ya velkro ile inayonata na kulia kraa ukiifungua. Ni mizuri, myepesi, inaoshwa. Lakini karibu kila ninayekutana naye ameifunga juu ya mfupa. Mkanda ni mpya, kosa ni langu lile la zamani. Ukimwona mtu hivyo msogelee kwa upole umshushie vidole viwili. Akiwa na ganzi isiyokwisha, au nguvu zinazidi kupungua mkanda ukiwepo, usijifanye fundi, mpeleke hospitali. Mpini mwembamba uunenepeshe. Na yeyote anayekwambia anaumwa mahali fulani, mchumba, mama, dada, muulize kwa jina lolote mnaloliita kule kwenu, halafu muombe kidole, halafu utazame.

Nimestaafu, lakini bado nashonashona, na mkono wa kulia unanikumbusha. Juzi maumivu yalirudi. Nikamwita mke wangu kutoka jikoni, na kwa uchokozi nikatumia Kiswahili cha Ujiji.

"Mama Sauda, kisigino kinaniuma."

Aliingia chumbani nikasikia anapekua kabatini. Akatoka na viatu, ile jozi ya kwanza ya ngozi ya ng'ombe, ameitunza miaka yote hii, akaiweka mbele ya miguu yangu bila kutabasamu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndipo akautoa ule mkanda wa ngozi ya mbuzi uliokuwa ndani ya kiatu cha kushoto.

"Onyesha kwa kidole," akasema.

Nikaonyesha. Akapima vidole viwili chini ya mfupa, akanikunjisha ngumi, akaitafuta kamba kwa dole gumba, akafunga, akapitisha kidole chake kuona kama nafasi ipo. Ilikuwepo. Sikuwahi kumfundisha kazi hiyo. Alijifunza kwa kuniangalia.